Koti la Mjomba Mudathir

Ujiji,
3 Agosti 1997

Kwa Mjomba Mudathir,

Shikamoo. Mama na Baba wanakusalimu. Sisi wazima. Yule jogoo uliyemsifu mara ya mwisho hayupo tena, tulipata wageni. Mimi niko kidato cha tatu sasa, na bado naogopa kunyoosha mkono darasani, lakini mitihani naifanya vizuri kwa sababu haina macho.

Mama haishi kuwasimulia watu Kibirizi, anakonunua dagaa, kwamba mdogo wake alikimbia vita Baraka, ng'ambo ya ziwa, akala mizizi milimani miezi kadhaa, akavuka ziwa akiwa mifupa mitupu, na sasa yuko kambini Lugufu anapata posho kama watu wengine na mashavu yamerudi. Akifika kwenye mashavu huwa analia kidogo, halafu anapunguziwa bei.

Koti uliloagiza nimempa Bonaventura, dereva wa lori la maji, akuletee pamoja na barua hii. Mama alilipata kwenye mitumba Mwanga. Ni la sufu, lina vifungo kama visosi, na muuzaji alisema limetoka nchi ya theluji. Mama ameuliza koti la nini wakati huu, ambapo huku hata mbwa wanagombania kivuli. Nimemwambia labda Lugufu kuna baridi. Baadaye nikaangalia kwenye atlasi ya shule. Hakuna.

Jambo lenyewe la barua hii ni harusi. Mzee Jumanne, baba yake Mwanamvua, amekuja mara mbili kuuliza siku. Anasema uchumba ulianza kabla ya vita na vita vyenyewe vimekwisha, sasa kinachosubiriwa ni nini. Mama amependekeza baada ya Idi ya mfungo. Wewe uombe kibali cha kutoka kambini, mengine yote yapo tayari. Hata kinyozi ameshapatikana. Utanyolewa uani kwetu kama desturi ya hapa Ujiji: bwana harusi anakaa kwenye kiti, kikoi kiunoni, kifua wazi, na wanaume wa pande zote mbili wanamzunguka na kumtunza pesa. Mama anasema safari hii watu watajaa, kwa kuwa wengi walisikia ulikufa.

Tunangoja jibu.

Mpwa wako,
Ziada

*

Lugufu,
29 Agosti 1997

Kwa mpwa wangu Ziada,

Marahaba. Aksanti kwa koti. Limenitosha na nafasi imebaki. Mwambie Dada kwamba mashavu yapo, asiwe na wasiwasi na mashavu.

Hapa tuko salama. Mahema yamekwisha, tunajenga nyumba za udongo. Jirani yangu anaitwa Isaka, mvuvi wa kwetu Fizi, mtu wa maneno mengi. Yeye pia amenunua koti. Kwa hiyo usiseme hakuna baridi, atlasi haijalala hapa.

Kuhusu harusi, naona tusikimbize mambo. Kibali ni kigumu. Na hata kikipatikana, nataka kuuliza, wewe uliyesoma: je, bwana harusi anaweza kunyolewa akiwa amevaa shati? Nauliza tu. Naona dini haikatazi shati.

Lingine. Kuna rafiki yangu hapa, humjui, anataka kujua kama sayansi inayo dawa ambayo mtu akiichanganya kwenye unga, mwanamume akala, anabadilika. Tunapewa unga wa njano. Isaka anasema unga huo umewekwa kitu ili wanaume tusirudi kupigana. Mimi sina neno. Ni rafiki yangu anayeuliza.

Msalimie Mwanamvua, lakini usimwambie kwamba nimesema umsalimie sana.

Mjomba wako,
Mudathir

*

Ujiji,
20 Septemba 1997

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Huku kwema. Baba aliumwa jino, akang'olewa, amepona, lakini anaendelea kula uji kwa sababu ameuzoea.

Nimemuuliza Mama kuhusu shati. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaniuliza kama umepata jeraha kifuani ambalo unatuficha. Nikasema sijui. Sikupenda kusema sijui, kwa sababu ni kweli.

Unga wa njano si mgeni kwetu. Mama anasema nilipokuwa mdogo kulikuwa na njaa, duka la ushirika likauza unga huo, watu wakauita Yanga, kama timu ya mpira, kwa rangi yake. Wanaume wa Ujiji waliula na hakuna aliyebadilika, ingawa Mama anasema wengine ingefaa wabadilike.

Rafiki yako amebadilika vipi? Mimi siwezi kumjibu bila dalili. Kwenye somo la baiolojia tunaanza na dalili. Mwambie asione haya, mimi simjui na yeye hanijui.

Ziada

*

Lugufu,
2 Novemba 1997

Ziada,

Marahaba. Tu wazima. Barua yako ilikaa kwa Bonaventura wiki tatu. Alikuwa ameikunja akaiweka chini ya mguu wa kiti cha lori kilichokuwa kinacheza.

Rafiki yangu ameota matiti. Yote mawili. Yanauma yakiguswa na nguo. Yalianza baada ya kufika kambini na kupata chakula, si kule porini. Porini alikuwa kama ufito lakini kifua kilikuwa cha mwanamume. Ndiyo maana anaamini ni unga.

Sasa ameacha kuula. Posho yake anaibadilisha na Waha wa vijiji vya jirani, wanampa muhogo kidogo. Siku nyingine hali kabisa. Akizidiwa anakula unga mara moja, mwingi, halafu anajuta. Matiti hayajaondoka.

Hili si jambo la kumwandikia mtoto wa kike wa dada yako. Amenituma tu. Choma barua hii.

M.

*

Ujiji,
30 Novemba 1997

Kwa Mjomba Mudathir,

Shikamoo. Natumaini mvua hazijabomoa nyumba yako. Huku zinanyesha kama zimelipwa, na redio inasema zimeletwa na bahari ya mbali. Mama, Baba na paa letu wanakusalimu. Paa linavuja sehemu moja tu, juu ya kitanda changu.

Barua nimeichoma. Kabla ya kuichoma nimeisoma, na kwa siku nne sikumwandikia mtu. Baada ya hapo nilienda maktaba ya shule. Kitabu chetu cha baiolojia kinasema ini lina kazi nyingi, na mojawapo ni kuvunja homoni. Hakisemi zaidi. Ilibidi nimwulize Mwalimu Elinipa, ambaye ni mpole, anatoka Upareni, lakini ana tabia ya kumtazama mtu usoni. Mimi siwezi kumwambia mtu mzima neno matiti. Kwa hiyo nilimwambia kwamba nyumbani tuna beberu ambaye amevimba kifua.

Mwalimu akaniuliza kama beberu huyo aliwahi kuugua. Nikasema aliwahi kukosa chakula miezi mingi, sasa amepata, ndipo akavimba.

"Anakula nini?" akauliza.

Nikasema, "Unga wa njano, maharage, na mafuta ya kopo."

Mwalimu Elinipa aliweka chaki chini. Akasema, "Ziada, beberu huyo ana kadi ya posho?"

Nikaitazama chaki. Akaniambia nikae. Akafunga mlango wa maabara, na saa nzima akanieleza habari za beberu bila kucheka hata mara moja. Kesho yake akaniletea kitabu chake kikubwa cha chuo. Ninayokuandikia sasa nimeyasoma mwenyewe, na Mwalimu ameyahakiki.

Mwambie rafiki yako kwamba kila mwanamume, hata Mzee Jumanne, ana homoni za kiume na pia kidogo za kike. Ya kike inaitwa estrojeni. Mwili wa mwanamume huitengeneza wenyewe, kwa kugeuza sehemu ya homoni ya kiume. Hailetwi na unga. Haizidi kwa sababu kila siku ini linaitoa.

Namna ya kuitoa ni hii. Estrojeni ni ya jamii ya mafuta, na wewe umeuza sabuni Baraka miaka mingi, unajua mafuta hayatoki kwa maji matupu. Ini kwanza huibadilisha umbo kidogo, halafu huishikiza kitu kingine cha jamii ya sukari, au chumvi yenye salfa, ili ikubali kuyeyuka majini. Ikishakubali, nyingi hutoka kwa mkojo. Nyingine hupita kwenye nyongo hadi utumboni na kutoka na choo, ingawa wadudu wa utumboni huifungua baadhi yake ikarudi kwenye damu, na ini huianza upya. Nimependa sana hapo. Ini halinung'uniki.

Sasa mtu akikosa chakula muda mrefu, mambo mawili hupungua kwa pamoja. Homoni hupungua kutengenezwa, na ini nalo huchoka. Kwa kuwa vyote vimepungua, kifua hakina habari. Ndiyo maana porini kilikuwa salama. Chakula kikirudi, homoni huamka haraka, kama mvulana anayebalehe mara ya pili. Ini huchelewa kuamka. Katikati hapo estrojeni inatengenezwa na hakuna wa kuitoa ya kutosha. Inabaki kwenye damu, inafika kifuani.

Kitabu kinasema wanaume waliotoka kambi za wafungwa wa vita vikuu, walipoanza kulishwa, wengi waliota matiti. Wanajeshi, Mjomba. Wenye ndevu. Na yaliondoka yenyewe, kwa wengine baada ya miezi, kwa wengine mwaka na zaidi, kwa dawa moja: kula kila siku mpaka ini lipate nguvu.

Kwa hiyo rafiki yako anakosea jambo moja kubwa. Anapoacha kula analinyima ini lile lile linalomsafisha. Anapokula ghafla anaamsha homoni, halafu anashinda njaa na kulilaza ini. Akiendelea hivyo matiti hayataondoka, na ataondoka yeye.

Mwalimu anasema pia aende zahanati aonwe, kwa sababu ini huharibiwa na mambo mengine, na uvimbe mwingine si huu.

Mwambie hivyo rafiki yako, yule mwenye koti kama lako.

Ziada

*

Ujiji,
12 Januari 1998

Kwa Mjomba,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Hujajibu. Bonaventura anasema alikabidhi barua yangu kwa dereva mwenzake baada ya lori lake kuzama matopeni mbele ya Simbo. Reli nayo imekatika, sukari haipatikani, na watu wanafuturu kwa uji wa chumvi.

Mzee Jumanne amesema akifika Idi bila kupata jibu, atarudisha mahari. Kuna karani mmoja wa bandarini ameanza kupita mtaani kwao akiwa na mwavuli. Mama hali daku vizuri. Anaamini una mke mwingine huko kambini, na nimeshindwa kumwondoa hofu hiyo bila kusema ile nyingine.

Mwanamvua alikuja kuniona. Aliniuliza unaumwa nini. Nikasema huumwi. Akaniuliza kwa nini jina langu limeandikwa mara nyingi kwenye kitabu cha Mwalimu Elinipa cha kuazimisha, maana dada yake Mwanamvua ndiye anayefagia maabara. Nikasema nasoma habari za beberu. Akaniuliza ni beberu gani. Nilikaa kimya muda mrefu, Mjomba. Unajua nilivyo.

Kama unafunga, funga. Lakini kufunga ni ibada, kususia futari siyo.

Naomba uniandikie hata neno moja, kwamba unakula.

Ziada

*

Lugufu,
15 Februari 1998

Kwa mpwa wangu Ziada,

Marahaba, na Idi iliyopita ilikuwa ya heri. Barua zako mbili zimenifikia siku moja, zote mbili zimelowa, lakini wino wako ni mzuri. Nyumba imebomoka upande mmoja, nimeujenga. Wazima, ila mmoja, na huyo ndiye nitakayekueleza.

Hakuna rafiki. Nadhani ulikwisha jua.

Siku barua zilipofika, Isaka alianguka akiwa kwenye foleni ya maji. Alianguka na koti lake kama mzigo. Tulimbeba kwenda zahanati, na pale mganga alipotaka kumpima mapigo Isaka alishika vifungo vya koti kwa mikono yote miwili, macho ameyafumba, hataki. Mganga akafikiri ameiba kitu. Mimi nilimtazama nikaelewa. Ziada, miezi yote ile tumekaa mlango kwa mlango, kila mmoja na koti lake, tukisifu baridi.

Mganga alisema ni njaa. Alishangaa sana, kwa sababu posho ilikuwa imetolewa juzi yake. Akamlaza.

Nilirudi nikasoma barua yako ya Novemba mara tatu. Jioni wanaume wa kijiji chetu hapa kambini walikaa kama kawaida kuulaani unga. Nikawatazama. Mmoja alikuwa na koti la mvua. Mmoja alikuwa amejifunga blanketi. Mwingine, mwalimu wa zamani kutoka Uvira, alikuwa amevaa fulana mbili na mashati mawili, jasho linamtoka kama anapika ugali wa msiba.

Niliwaambia nina barua ya kitaalamu kutoka Ujiji. Wakauliza daktari gani. Nikasema ni mpwa wangu, kidato cha tatu. Wakacheka. Nikaona nikianza kusoma watasema kama nilivyosema mimi, kwamba ni habari za rafiki. Basi nikafungua vifungo. Vile vifungo ni vikubwa, vilichukua muda. Nikalivua koti nikaliweka juu ya kigogo, na shati pia, nikasimama hapo.

Hakuna aliyecheka. Mwenye blanketi alisema, "Yako madogo."

Nikasema, "Kaa, nisome."

Nilisoma yote. Walipenda sana hapo penye sabuni, na penye wanajeshi wenye ndevu walitaka nirudie. Mwalimu wa Uvira aliuliza maswali matano, nikamwambia asubiri, nitakuandikia. Kisha mwenye blanketi akauliza, kama unga hauna kitu, je, tumeuza posho ya miezi mitano kwa ajili ya nini? Tulipika. Ugali ulikuwa wa njano kabisa, na tulikula tukitazamana.

Asubuhi nilimpelekea Isaka uji na barua. Alisikiliza, akageukia ukutani. Baadaye akasema, "Mudathir, mimi ndiye niliyewaambia watu wasile." Nikamwambia anywe uji. Alikunywa. Mganga amenipima mimi pia na wengine. Ini langu halijavimba. Amesema yale yale uliyosema wewe, lakini kwa maneno machache.

Mwambie Mzee Jumanne, kama mahari bado hajairudisha, nakuja. Kibali nimeomba. Baada ya Idi Kubwa. Mwambie karani akunje mwavuli, mvua zinakwisha.

Mjomba wako,
Mudathir

*

Lugufu,
3 Mei 1998

Kwa mpwa wangu Ziada,

Marahaba. Nimerudi salama. Kibali kilikuwa cha wiki mbili, na wenye kambi hawajali kwamba mtu ana mke mpya. Mwanamvua atakuja kukaa huku karatasi zake zikikamilika, anasema nyumba ya udongo si kitu kwa mtu aliyekulia chini ya paa bovu la baba yake. Isaka anakusalimu. Amerudi kwenye maneno mengi, safari hii anawalazimisha watu kula. Nimemkuta akimfukuza mtu na sufuria.

Najua wanawake hamruhusiwi kutazama kinyozi akifanya kazi, na najua ulikuwa nyuma ya ukuta wa uani kwa sababu nilisikia mtu akipaliwa. Basi nikueleze ulichokosa kuona.

Nilikaa kwenye kiti. Nikavua shati mwenyewe kabla sijaambiwa. Upande wa kulia umekwisha kabisa, wa kushoto umebaki kidogo kama embe changa. Nilikuwa nimejiandaa kwa jibu. Nilikuwa nimelipanga njiani tangu Lugufu, na ini lilikuwemo.

Ziada, hakuna aliyetazama. Mzee Jumanne alinishika bega akasema, "Amekonda huyu." Baba yako akasema nimekonda. Kinyozi akasema nimekonda, na akanikata sikio. Watu waliojaa uani, mmoja baada ya mwingine, walikuja kunitunza na kuniambia nimekonda. Mama yako akaleta sahani ya pilau katikati ya kunyolewa, jambo ambalo wazee wanasema halijapata kutokea, na nikaila na nywele zangu.

Nilifikiri limepita. Lakini nilikuwa nimeamua kumwambia Mwanamvua mwenyewe, asije akakuta. Tulipobaki wawili nilianza kwa mbali: vita, mizizi, posho. Alinisikiliza kwa adabu. Nilipofika kwenye unga alinikatiza akaniuliza kama yule beberu wa Ziada amepona.

Nikasema anaendelea vizuri. Kushoto bado.

Yaliyobaki si ya barua. Sikuulizi ulimwambia nini siku ile ya Januari. Uliniandikia kwamba ulikaa kimya muda mrefu, na mimi nakuamini, ila naona kimya chako kina sura nyingi.

Mwalimu wa Uvira bado anangoja majibu yake matano. La kwanza anataka kujua ini la mwanamke linafanyaje. Chukua muda wako, na msalimie Mwalimu Elinipa. Usimwambie nimesema nini. Mwambie tu kwamba beberu ameoa.

Pamoja na barua hii Bonaventura atakupa furushi. Ni koti. Nimelifua mara mbili. Mpe mtu mwenye baridi.

Mjomba wako,
Mudathir